Simu ya Jumamosi

Siku alipokutana na Masanja, Zita alikuwa na hasira tangu kuamka. Ulikuwa mwezi wa sita mwaka 1995, baridi ya Sumbawanga inauma mpaka kwenye mzizi wa jino, na shirika la umma alilolitumikia miaka sita kama mpiga chapa lilikuwa limempunguza kazini wiki iliyotangulia, yeye na wenzake kumi na tisa. Barua za kuwaaga alizipiga yeye mwenyewe, moja baada ya moja. Ya kwake aliipiga ya mwisho, bila kukosea hata nukta.

Alikwenda sokoni kutafuta koti. Kwenye marundo ya mitumba watu walikuwa wameinama kama wanaopalilia, kila mmoja anachambua, wauzaji wanapiga kelele za bei. Zita akaona mkono wa koti la sufu la bluu umechungulia chini ya rundo. Akauvuta. Koti halikuja. Akavuta tena kwa nguvu, na upande wa pili wa rundo mtu naye akavuta.

"Kaka, achia," Zita alisema.

"Dada, mimi ndiye niliyeliona kwanza."

"Wewe umeliona kwa macho. Mimi nimelishika."

"Na huku mimi nimeshika nini, mkia wa ng'ombe?"

Alikuwa kijana mrefu, mweusi, amevaa shati la mikono mifupi katika baridi ile, na buti za mpira zilizokauka tope. Lafudhi yake ilikuwa ya Kisukuma, ya watu walioshuka na mifugo yao mpaka bonde la Rukwa. Muuzaji alicheka akawaambia koti lenyewe ni la kike, watazame vifungo.

"Basi alivae tuone," alisema yule kijana. "Likimbana, langu."

Zita alilivaa kwa hasira, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Lilimkaa mabegani na kiunoni kana kwamba fundi alimpima. Kijana alimtazama, akasahau kubishana.

"Limekukaa. Sitasema uongo."

"Sijakuuliza."

"Najua. Nimejibu tu."

Zita alilipa akaondoka bila kuaga, lakini alipofika kwenye maduka ya nguo aligundua kwamba anatabasamu, na hilo nalo likamuudhi.

Baada ya miezi miwili alinunua taipureta kuukuu, akaweka meza kwenye baraza karibu na mahakama, akawa anapiga barua za maombi, mikataba ya viwanja na hati za kesi. Kazi ilikuwapo, maana siku zile kila aliyepunguzwa alikuwa anaomba leseni ya kitu fulani. Asubuhi moja yule kijana wa buti alisimama mbele ya meza akiwa na karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Alijitambulisha kwa jina la Masanja, mwana wa Mayunga; yeye ndiye bwana mifugo wa wilaya. Taarifa yake ilihusu kupe na ndigana, ugonjwa wa ng'ombe.

Zita alisoma ukurasa wa kwanza. "Una makosa saba ya Kiingereza hapa."

"Ndiyo maana nimekuja kwa mtu mwenye hasira. Mpole angeyaacha."

Ilianzia hapo. Alileta taarifa ya pili, kisha ya tatu ambayo haikuwa na haja ya kupigwa chapa, kisha akaacha kujisumbua na taarifa, akawa anakuja na maandazi. Jumapili baada ya misa walitembea mpaka kwenye mikaratusi ya nje ya mji, upepo unawapiga, Zita na koti lake la bluu, Masanja na sweta ambalo hatimaye Zita alimchagulia. Walibishana juu ya kila kitu. Wakiwa hawabishani, walishikana mikono.

Zita aliishi Katandala kwa baba yake mkubwa, Mwalimu Isdori, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa halmashauri ya walei parokiani. Alimchukua Zita kutoka kijijini kwao Mwazye akiwa na miaka kumi na miwili ili asome, akamlea kama mtoto wake wa kumzaa. Nyumba yake ilikuwa na simu, jambo la fahari mtaani, ikikaa juu ya kitambaa cha kufuma. Alikuwa mtu wa haki katika mambo mengi, ila Wasukuma hakuwapenda.

"Ng'ombe wao walikula shamba zima la ulezi la baba yako," alimwambia Zita. "Na huyo wako, ni muumini wa nini?"

"Alibatizwa kanisa la Inland, baba."

"Alibatizwa. Sijakuuliza kama alibatizwa."

Mwaka uliofuata alifika profesa mmoja Mmarekani, Myahudi, anayetafiti kupe wa bondeni. Masanja alimtembeza kwenye maboma kwa wiki sita. Profesa Adler alipoondoka alimwachia fomu: kulikuwa na ufadhili wa miaka miwili wa shahada ya pili, katika chuo kikuu chao kule New York. Fomu zile Masanja alizileta barazani.

"Chuo gani hiki?" Zita aliuliza, akipachika karatasi kwenye mashine.

"Cha Wayahudi. Vijana wao wanasoma dini tangu asubuhi mpaka mchana, Torati na vitabu vya mababu zao. Alasiri wanavaa makoti meupe wanaingia maabara. Adler anasema mtu asiyejua vyote viwili wanamhesabu nusu."

"Na wewe watakufundisha Torati?"

"Mimi nakwenda kwa ajili ya kupe, mpenzi."

Zita alicheka, kisha akapiga chapa maombi yake yote, nakala tatu, na anwani ya chuo mara tatu. Moyo ulikuwa unamwambia akosee herufi moja. Hakukosea.

Masanja aliondoka mwezi wa nane mwaka 1996. Asubuhi ya safari, kwenye stendi, basi la Mbeya linanguruma, alimshika Zita mikono yote miwili.

"Nitapiga simu kila Jumamosi saa nane mchana. Barua nitatumia sanduku la Mwalimu."

"Usipopiga?"

"Nitapiga."

"Nimekuuliza, usipopiga?"

"Basi ukasirike. Hilo unalijua kuliko mimi."

Jumamosi ya kwanza Zita alisuka nywele, akavaa gauni la kitenge, akakaa kwenye kiti kando ya simu tangu saa saba, kana kwamba huko aliko Masanja angemwona. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Mama mkubwa Scola alimletea chai, ikapoa. Jumamosi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu, na ya kumi. Katika Jumamosi hizo zote simu ililia mara mbili tu, moja ya paroko, moja ya mtu aliyekosea namba. Barua hazikuja.

"Umwandikie wewe," rafiki yake Justina alimshauri. "Anwani ya chuo si unayo? Uliipiga kwa mikono yako."

"Aliyeondoka ndiye anayeandika," Zita alijibu. "Mimi niko palepale aliponiacha."

Mvua za El Nino zilikuja zikakata barabara, magari yakalala njiani wiki nzima, na watu wote wakawa hawapati barua. Kwa muda Zita alijifariji na matope. Barabara zilipofunguliwa alikosa hata hicho cha kujifariji nacho. Mwalimu wa hesabu, Flavian, alituma watu kuja kumposa. Zita aliwarudisha kwa adabu. Siku za Jumamosi alianza kufanya kazi mpaka jioni, akipiga vitufe vya mashine kama anayetwanga, na wateja walizoea kusema kwamba hati zilizopigwa na Zita unaweza kuzisoma kwa nyuma kwa kupapasa.

Masanja alirudi mwezi wa saba mwaka 1998. Zita hakuambiwa na mtu. Alimwona akipita mbele ya baraza juu ya pikipiki ya idara, amenenepa kidogo, amevaa miwani. Na yeye akamwona. Pikipiki ilipunguza mwendo, halafu ikaongeza, ikapita.

Ikapita, kweli. Zita aliketi akitazama vumbi. Kesho yake alifunga mashine, akavaa viatu vyake vya kisigino kifupi, akatembea mpaka kwenye josho la nje ya mji. Ng'ombe walikuwa wanaogeshwa dawa, wanalia, wachungaji wanapiga mbinja. Masanja alikuwa amesimama ukingoni na daftari.

"Habari za Marekani," Zita alisema.

Masanja aligeuka. "Nzuri. Hongera kwa ndoa."

"Ndoa ya nani?"

"Yako na Mwalimu Flavian. Mkae salama. Nisamehe, nina kazi."

"Masanja, usinigeuzie mgongo mbele ya ng'ombe. Nani amekwambia nimeolewa?"

"Baba yako mkubwa. Kwa barua, ameweka na sahihi. Ilinifikia baada ya mimi kukuandikia barua kumi na moja, Zita. Kumi na moja, hakuna hata moja uliyojibu. Nikipiga Jumatatu ananiambia hayupo. Hayupo, hayupo, mpaka nikalijua neno hilo kwa sauti yake."

"Jumatatu? Mimi nilikaa Jumamosi. Jumamosi ulizosema wewe."

"Nilikuandikia kwa nini Jumamosi haiwezekani. Barua ya kwanza kabisa."

Wakatazamana. Wote wawili walielewa kwa wakati mmoja, lakini uso wa Zita haukulainika. Ulizidi kukaza.

"Kwa hiyo mzee alikwambia nimeolewa, ukaamini," alisema taratibu. "Hukutafuta kuniuliza. Umerudi mjini, umeniona nimekaa pale pale, ukaongeza mafuta."

Aliondoka kabla hajajibiwa, samadi imemjaa kwenye viatu.

Nyumbani Katandala alimkuta Mwalimu Isdori anasoma gazeti sebuleni.

"Nipe barua zangu."

Mzee alikunja gazeti polepole. "Barua gani?"

Mama mkubwa Scola alitokea jikoni, mikono ina unga wa ulezi. "Mpe, Isdori. Nimechoka kuinua godoro kila nikitandika. Na mimi ni mkosaji, mwanangu, nilijua, nikanyamaza."

Mwalimu aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha zilizofungwa kwa uzi. Ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa imefunguliwa. Alitoa picha ndani yake: Masanja amesimama katika ukumbi wenye vitabu mpaka darini, na juu ya utosi ana kofia ndogo ya duara.

"Tazama mwenyewe," alisema. "Ameandika kwamba asubuhi anakaa nao kwenye masomo ya dini yao. Amevaa kofia yao. Mtu aliyeiacha dini yake ndani ya mwezi mmoja angekuacha wewe ndani ya wiki. Nilikulinda."

"Ulimwandikia kwamba nimeolewa."

"Flavian alikuwa amekwisha kuposa. Nilijua ungekubali ukiacha kungoja."

"Miaka miwili, baba. Uliniona nimekaa pale kwenye kiti. Ulipita mbele yangu ukienda kunywa maji." Sauti ya Zita haikupanda. "Na barua kumi hukuzifungua hata kusoma kama kuna mtu anaumwa. Ulinisomesha ili nijue kusoma, kisha ukaninyima cha kusoma."

"Zita, unasema na baba yako."

"Ndiyo. Ndiyo maana inaniuma."

Jioni ile ile alihamia kwa Justina, na mashine yake akaibeba mwenyewe.

Masanja alikuja barazani mara tatu wiki ile, na mara tatu Zita alimwambia asubiri. Siku ya Jumapili, baada ya misa, alimwita. Mahakama imefungwa, mtaa mtupu, jua kali na upepo baridi. Bahasha kumi na moja zilikuwa mezani, mahali mashine hukaa.

"Sijazisoma," Zita alisema. "Nilitaka uwepo, ili kila ninapokasirika nikuone usoni."

Masanja alivuta kigoda akakaa upande wa pili. "Unajua wale vijana wanasomaje dini yao kule? Hawamsikilizi mwalimu. Wanakaa wawili wawili, kitabu kimoja katikati, wanabishana. Ukumbi una watu mia tatu, unapiga kelele kuliko soko. Mara ya kwanza nilidhani wanagombana."

"Na hawapigani?"

"Wana sharti. Kabla hujampinga mwenzako, unasema kwanza hoja yake, vizuri, mpaka akubali kwamba ndiyo hoja yake. Ukishindwa kuisema, huna ruhusa ya kujibu."

Zita aliisogeza bahasha ya kwanza katikati ya meza. "Tuanze."

Walisoma kwa zamu, kwa sauti. Barua ya kwanza ilieleza kwamba simu ya jengo analolala iko ofisini kwa msimamizi, na ofisi hufungwa tangu Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi usiku, kwa sababu hiyo ndiyo siku yao ya kupumzika, hawagusi hata swichi ya taa. Jumamosi ya kwanza alitoka kutafuta simu ya barabarani tangu alfajiri, akapiga mara tisa, laini haikushika. Aliomba wahamie Jumatatu. Alieleza kofia: kwamba ukumbini mwanaume haingii kichwa wazi, naye aliivaa kama mtu anavyovua viatu msikitini. Aliwahi kumuuliza rabi mmoja kama wangetaka abadili dini, rabi akacheka sana, akasema wao hawatafuti waumini, arudi kwao awe mtu mwema, inatosha.

Katika barua ya nne alikuwa mpweke. Katika ya sita alianza kulalamika. Ya tisa ilikuwa kali, na Zita alipoisoma aliiweka chini.

"Hapa umeniita mwenye moyo wa jiwe."

"Ndiyo."

"Futa."

"Sifuti. Siku ile ndivyo nilivyoamini. Nikiifuta nitakuwa nakudanganya."

"Basi sema hoja yangu," Zita alisema. "Yote. Usiruke."

Masanja alivua miwani. "Ulikaa karibu na simu Jumamosi nyingi, umevaa vizuri. Hukuwa na barua hata moja. Ulikataa mchumba kwa ajili ya mtu aliyenyamaza. Na mtu huyo, alipoambiwa neno moja na mzee ambaye alijua hampendi, aliliamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kukata tiketi arudi aulize. Kisha akakupita na pikipiki kama asiyekujua. Hiyo ya pikipiki ndiyo mbaya kuliko zote."

Machozi yalimtoka Zita, ya hasira, akayaacha yateremke. "Ndiyo. Ndiyo hoja yangu."

"Sema yangu."

Alitazama mtaa mtupu, akatazama bahasha.

"Uliandika kumi na moja," alisema hatimaye. "Mimi sikuandika hata moja. Anwani nilikuwa nayo, niliipiga chapa mara tatu kwa mikono hii. Justina alinikumbusha. Nikasema aliyeondoka ndiye anayeandika. Kama ningeandika mistari miwili tu, mzee asingeweza kitu. Kiburi changu kilimsaidia kazi."

"Ndiyo hoja yangu," Masanja alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja nayo safari nzima kutoka New York."

Mwanamke mmoja alipita na ndoo kichwani akawasalimu, wakaitika kama watu waliotoka msibani.

"Zita."

"Bado kuna barua mbili."

"Najua zinasema nini. Ya kumi na moja inakuuliza kama utakubali nikakuombe kwa baba yako Mwazye. Sitaki uisome. Nataka nikuulize mwenyewe, na unijibu ukiwa na hasira hivyo hivyo, ili nisije nikafikiri nilikubembeleza."

Zita alichukua ile bahasha ya mwisho, akaichana, akaisoma kimya kimya mpaka chini. Kisha akaikunja.

"Una makosa manne ya sarufi."

"Zita."

"Nakukubali," alisema. "Lakini bado nimekasirika na wewe. Usidhani imekwisha leo."

"Kasirikia kwangu. Nimepewa nyumba ya idara, vyumba viwili. Nafasi ipo."

Alicheka bila kupenda, na Masanja akamshika mkono juu ya zile karatasi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Walifunga ndoa Mwazye mwezi wa kumi na moja, baada ya paroko kuwahoji wote wawili na kuwaombea kibali kwa askofu, kwa kuwa Masanja hakuwa Mkatoliki. Baba yake Zita, aliyepoteza ulezi wake kwa ng'ombe wa watu wengine, alimuuliza Masanja swali moja tu: kama anajua dawa ya kuzuia ng'ombe kuingia shambani. Masanja alijibu kwamba dawa ni uzio na mchungaji mwenye adabu, na mzee akaridhika. Mwalimu Isdori alihudhuria, akakaa benchi la nyuma. Zita hakwenda kumsalimu.

Alikwenda mwezi wa pili mwaka uliofuata, siku ya mvua. Mwalimu alikuwa sebuleni peke yake, amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamsogezea kiti. "Nilikosea, Zita. Si kwa sababu ya kofia tu. Nilifikiri nikikunyamazishia dunia utabaki wangu."

"Sijaja kusema nimesamehe. Nimekuja kuangalia nimebaki na hasira kiasi gani."

"Na umeonaje?"

Zita alifikiri kwa uaminifu. "Bado ipo. Ila naweza kunywa chai."

Mama mkubwa Scola, aliyekuwa anasikiliza jikoni, alipanga vikombe vitatu kwenye sinia.

"Mumeo yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Yuko nje, amejikinga chini ya paa la jirani. Nilimwambia asiingie mpaka nimwite."

Zita alianza kuinuka. Mwalimu Isdori alimzuia kwa mkono, akatafuta kandambili zake kwa miguu, akafungua mlango, akatoka mwenyewe kwenye mvua.